Mpumbu aliyetangulia, pale anayefuata

Katika soko la mtaa wa Kenya hapa Lubumbashi, ukiulizia samaki aitwaye pale utaitwa na meza tatu kwa mara moja. Ukiulizia samaki mwingine, mpumbu, mama muuzaji atakutazama kwanza usoni. "Mpumbu? Eh, papa, ile balikulaka ba nkambo." Yaani huyo walimla mababu. Ndivyo wanavyojibu Kenya, ndivyo wanavyojibu mtaa wa Katuba. Wanalijua jina, wanajua kwamba alitoka Kasenga, kando ya mto Luapula, wanajua alikuwa mtamu. Wengi wao hawajawahi kumshika.

Samaki hawa wawili ni wa maji yaleyale: mto Luapula na ziwa Mweru. Wote wawili waliingia mjini kwetu kwa barabara moja, ile ya Kasenga. Hata chakula chao kinakaribiana, maana wote huishi kwa mwani na masalia ya mimea yanayotuama chini. Lakini mpumbu alianguka katika miaka michache tu, wakati wa Wabelgiji, na hakuinuka tena. Pale yeye bado yuko, ila kila mtu anayenunua samaki anaona jinsi anavyozidi kuwa mdogo. Nimelifikiria jambo hili kwa muda mrefu, na ninaamini sababu ya tofauti hiyo ni namna kila mmoja anavyozaa. Ninaamini pia kwamba ulinzi tunaompa pale leo, yaani kufunga uvuvi wakati wa mvua, ungemfaa zaidi mpumbu.

Nianze na aliyetangulia.

Jina la mpumbu katika vitabu vya wanasayansi ni Labeo altivelis. Aliyempa jina hilo ni Mjerumani Wilhelm Peters, mwaka 1852, kutokana na samaki aliowakusanya upande wa Zambezi, kwa sababu mpumbu anaishi huko pia. Wasomaji wa kando ya ziwa Viktoria wanamjua ndugu yake, ningu. Ni samaki mwenye magamba makubwa, pezi la mgongo lililosimama juu, na mdomo uliowekwa chini ya pua, wenye midomo minene ya kukwangulia mawe na matope. Mdomoni hana meno. Meno yake yako kooni. Utumbo wake ni mrefu sana na umejikunja mara nyingi, kwani anayekula mwani na matope lazima asage kingi ili apate kidogo.

Wakati wa kiangazi mpumbu walitawanyika ziwani na katika sehemu za chini za mto. Mvua za kwanza zikishuka, maji yakaanza kupanda na kubadilika rangi, walikusanyika. Walipanda Luapula na vijito vyake kwa makundi, majike wakiwa wamejaa mayai, mpaka kwenye kingo zilizofurika, na huko walitaga. Jike mmoja hubeba mayai maelfu kwa maelfu, madogo sana. Akishayaacha, kazi yake imekwisha: hayalindi, hayarudii. Vifaranga hukulia katika majani yaliyozama, kisha hushuka pamoja na maji yanapopungua. Mwaka mzima wa uzazi unaisha ndani ya majuma machache, na kila samaki mzima anapita njia ileile.

Mtu yeyote mwenye wavu anaelewa maana yake. Huna haja ya kumtafuta mpumbu. Unatega mdomoni mwa mto, unangoja maji yapande, na samaki wote wa ziwa wanakuja kwako. Wazee wa Luapula walivua kwa namna hiyo tangu zamani, kwa mitego ya miti na nyavu za kamba za porini, na mpumbu hakuisha, kwa sababu vyombo vyao vilichukua sehemu tu na walaji walikuwa vijiji vya pale pale.

Halafu mji wetu ukazaliwa. Kampuni ya madini ya Union Minière iliundwa mwaka 1906, Élisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, ikaanza kujengwa mwaka 1910, na baada ya hapo maelfu ya wanaume waliletwa migodini na kwenye tanuru la shaba. Watu hao walipewa poso: unga, maharagwe, chumvi, samaki. Samaki wa karibu alikuwa Luapula, zaidi ya kilomita 200 kutoka hapa. Wafanyabiashara Wagiriki walijenga makazi Kasenga, wakaleta mashua, barafu na malori. Walinunua samaki kwa wavuvi wa pande zote mbili za mto, na wengine walivua wenyewe. Wakati wa Vita Kuu ya Pili mataifa yaliyopigana yalihitaji shaba, migodi ikaongeza kazi, na midomo ya kulisha ikaongezeka. Nyavu zikazidi kuwa nyingi mahali palepale mpumbu alipopita, na katika majuma yaleyale aliyokuwa na mayai.

Kufikia mwisho wa miaka ya 1940 makundi hayakupanda tena. Samaki aliyekuwa nguzo ya biashara yote ya Kasenga akawa wa kuonekana mojamoja. Luapula ulikuwa mpaka kati ya Kongo ya Wabelgiji na Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia, na kila serikali ilikuwa na sheria zake na watu wake wa kulisha. Mwaka 1949 Wabelgiji na Waingereza walikutana hapa Élisabethville katika mkutano mzima wa mambo ya samaki. Kwa mpumbu wa Mweru ilikuwa kuchelewa.

Ningu wa Viktoria alipata mkasa uleule: nyavu katika midomo ya mito, majike wenye mayai, kisha kimya. Leo anahesabiwa na wataalamu wa kimataifa miongoni mwa samaki walio katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka. Ninamtaja kwa sababu kuna watu wanaosema mpumbu aliondoka kwa uchawi, au kwa ugomvi wa machifu, au kwa sababu maji yalibadilika tu. Maziwa mawili yaliyo mbali hivyo, samaki wawili wa ukoo mmoja, kifo cha namna moja. Mimi sihitaji maelezo mengine.

Sasa pale.

Huyu ni wa ukoo wa tilapia. Kwa muda mrefu wataalamu walimhesabu kuwa sawa na tilapia wa Zambezi ya juu na Kafue, Oreochromis macrochir. Mwaka 1983 Ethelwynn Trewavas, bingwa wa samaki wa jamaa hii, alimtenga akamwita Oreochromis mweruensis, yaani wa Mweru. Wakubwa wake hufika sentimita 30 hivi. Lakini umbo lake si la ajabu. La ajabu ni nyumba anayojenga.

Dume huchagua mahali penye mchanga au tope laini, maji yakiwa mafupi, na kwa mdomo wake huchimba kiota. Anafyonza mchanga, anautema pembeni, anarudi. Katikati panabaki jukwaa, na kutoka hapo mifereji inaenda pande zote, hata ukitazama kutoka juu unaona nyota kubwa imelala chini ya ziwa. Ndugu yake wa Kafue hajengi hivyo; cha kwake ni kilima chenye shimo juu. Tofauti hiyo ya viota ni mojawapo ya mambo yaliyowahakikishia wataalamu kwamba hawa si samaki mmoja. Mimi nasimama hapa kila mara ninapomwaza pale: kiumbe asiye na mkono anapima na kuchora ardhi, na tunamla bila kujua.

Jike huja kwenye nyota hiyo, hutaga mayai machache machache, na kila mara huyaokota kwa kinywa. Humo kinywani yanakaa mpaka yaanguliwe na vifaranga waweze kuogelea, wiki mbili na zaidi, na siku zote hizo mama hali karibu kitu. Hata wakishatoka, hatari ikitokea wanakimbilia kinywani tena. Mayai yake ni mamia, si maelfu kwa maelfu kama ya mpumbu, lakini kila moja ni kubwa, lina akiba ya chakula, na lina mlinzi. Tena hazai mara moja kwa mwaka. Anaweza kurudia mara kadhaa katika miezi ya joto.

Ndiyo maana pale alibaki mpumbu alipokwenda. Hakuna juma ambalo pale wote wa ziwa wanapita mlango mmoja. Ukivua leo hapa, kuna majike wengine kule wameshafunga vinywa. Baada ya mpumbu kuanguka, pale ndiye aliyebeba biashara ya Kasenga, ya Kilwa ya huku Kongo, na ya Kashikishi upande wa Zambia, na ndiye aliyewapa watoto wa vizazi vilivyofuata maana ya neno "samaki". Hata Wabelgiji waliona uimara huo. Katika kituo cha Kipopo, nje kidogo ya mji wetu, walijifunza kufuga tilapia wa jamaa hii kwenye mabwawa, na katika miaka ya 1950 samaki hao walipelekwa kutoka Katanga hadi nchi nyingine za Afrika.

Ila uimara wake una mlango wake wa udhaifu, na huo mlango uko ufukweni. Viota viko kwenye maji mafupi. Vifaranga wanaotoka kinywani wanakwenda kwenye matete, kwenye maji mafupi. Na huko ndiko watu wasio na mtumbwi mzuri wanakovua. Kuna wavu wa kukokota, ambao unafagia nyota zote chini. Kuna kutumpula, yaani wavuvi wanazungusha wavu kisha wanapiga maji kwa marungu ili samaki wakimbilie ndani. Kuna chandarua cha mbu, ambacho hakimwachi hata mtoto wa jana. Jike aliyenaswa akiwa na wana kinywani huwatema palepale. Hata ukimrudisha majini, wale wamekwisha.

Jambo linalonitia hofu zaidi ni la polepole. Ukiwaondoa wakubwa mwaka baada ya mwaka, wanaobaki kuzaa ni wale wanaokomaa wakiwa wadogo. Jike mdogo ana kinywa kidogo, na kinywa kidogo kinabeba mayai machache. Kwa hiyo ziwa linaweza kuonekana bado lina pale wengi, huku kila jike akizaa pungufu ya nyanya yake. Mpumbu alianguka ghafla na kila mtu akaona. Pale anaweza kuisha akiwa bado sokoni, kwenye mafungu ya samaki wa urefu wa kidole.

Kuna hatari nyingine isiyotajwa sana hapa kwetu. Wafugaji wanamtaka tilapia wa Nile, Oreochromis niloticus, kwa sababu hukua haraka. Samaki huyo akitoroka bwawani anaingia mtoni, anashindana na wenyeji na kuzaana nao, na baada ya muda hujui tena nani ni nani. Oreochromis macrochir, yule wa Kafue, amewekwa kwenye orodha ya kimataifa ya walio hatarini, na huyu mgeni ni sababu mojawapo kubwa. Nyota za Mweru hazitadumu kama anayezichora anachanganyika damu na asiyejua kuzichora. Anayechimba bwawa karibu na kijito kinachoingia Luapula afuge pale mwenyewe.

Na mezani? Hapa nazungumza kwa ladha yangu na kwa mdomo wa nkambo wangu, mama yake mama, aliyezaliwa upande wa Kasenga.

Pale ni samaki wa kila mtu. Nyama yake nyeupe inashikamana, miiba yake ni mikubwa na inaonekana, mtoto anaweza kupewa bila woga. Mbichi, unampasua ubavu mara mbili tatu, unamtia chumvi, unamkaanga mpaka ngozi ikauke, kisha unamlaza katika mchuzi wa nyanya na vitunguu, na bukari, yaani ugali, ya moto pembeni pamoja na mboga ya lengalenga. Aliyekaushwa kwa moshi anataka kitu kingine: mloweshe kidogo, umwondoe moshi wa juu, umpike taratibu na unga wa karanga. Kichwa apewe mgeni au baba. Nyumbani kwetu kilikuwa cha nkambo, na hakuna aliyethubutu kubisha.

Mpumbu, kwa maelezo ya nkambo, hakuwa samaki wa haraka. Nyama yake ilikuwa na mafuta na utamu ambao pale hana, lakini imejaa miiba midogo midogo iliyogawanyika ndani ya nyama yenyewe, kama ilivyo kwa samaki wote wa ukoo wake. Ulimla ukiwa umenyamaza, vidole vikitafuta. Moshi ulisaidia, kwa sababu miiba hukauka na kukatika. Samaki wengi waliokuja mjini walitiwa chumvi na kukaushwa, na hao ndio wafanyakazi walioletewa katika poso. Lakini kitu alichokumbuka nkambo kuliko vyote ni mayai. Msimu wa kupanda, kila jike alikuwa amebeba mfuko mzito wa mayai. Waliyakaanga kwa chumvi tu, au wakayakausha juani yakawekwa kwa siku za baadaye. Alikuwa akiyasifu mpaka sauti inabadilika.

Sina moyo wa kumlaumu mama aliyekaanga mayai yale. Lakini nikiyaweka maneno yake karibu na habari ya mto, naona kitu kigumu kukitazama: chakula kilichopendwa kuliko vyote katika samaki yule kilikuwa uzao wake, na kilipatikana katika siku zilezile ambazo angepaswa kuachwa apite.

Zambia hufunga uvuvi kila mwaka kuanzia tarehe 1 Desemba hadi mwisho wa Februari, na upande wetu pia serikali ya mkoa hutangaza kufunga uvuvi wakati wa mvua. Siku hizo mji unakula zaidi samaki wa frigo wanaoletwa na malori kutoka kusini, wengi wakiwa wa bahari ya Namibia. Naunga mkono kufunga. Lakini tazama kalenda hiyo inamlinda nani. Anayepanda mto kwa mafuriko ni mpumbu, na waliokuwa wakipanda hivyo wamebaki wachache mno. Pale anachimba nyota zake katika miezi mingi ya joto, hata kabla mvua haijakolea, na baada ya kufunguliwa bado kuna majike wenye vinywa vilivyofungwa. Miezi mitatu ya kupumzika haimfai kitu kama miezi tisa inayobaki chandarua kinaachwa kupita kwenye matete.

Anachohitaji pale ni mambo mawili: tundu la wavu lisilomnasa kabla hajazaa hata mara moja, na sehemu za matete zisizovuliwa kabisa, mwaka mzima, zilizochaguliwa na wavuvi wenyewe pamoja na machifu wao. Kutumpula kukome. Najua ninaloomba. Vita vilipofika Pweto, kando ya ziwa Mweru, mwaka 2000, watu walikimbia na watoto wao na hawakubeba mashamba, walikuta ziwa. Anayekokota chandarua mara nyingi hana hata mtumbwi, na wavu halali una bei. Asipopewa njia ya kuupata wavu huo kwa mkopo, sheria itabaki karatasi ya kumtoza faini maskini.

Na sisi wa mjini tusijifanye watazamaji. Mto Lubumbashi unaopita katikati yetu unaingia Kafubu, na Kafubu unaingia Luapula. Maji tunayochafua hapa, ya viwanda vya madini na ya mitaro yetu, yanatelemka kuelekea kwa samaki haohao tunaowasubiri kwenye malori. Katika Tshangalele, ziwa lililoundwa na bwawa la Mwadingusha kwenye mto Lufira, watafiti wamepima samaki na kuwakuta na metali nyingi mwilini. Samaki anayekula matope hana namna ya kuchagua matope safi.

Kuhusu mpumbu, sijakata tamaa. Samaki mwenye mayai maelfu kwa maelfu ana nguvu ambayo pale hana: akiachwa apande kwa amani mafuriko kadhaa mfululizo, hata wachache wanaweza kujaza mto. Isingelazimu kufunga ziwa zima kwa ajili yake. Ingetosha midomo ya vijito vichache iwe huru, bila wavu wowote, katika majuma ya kwanza ya maji mekundu, kwa tarehe zilezile upande wa Kongo na upande wa Zambia.

Kwa pale, tuanzie barabarani. Kila lori la samaki linalotoka Kasenga linasimamishwa kwenye bariere kabla halijafika mjini, linahesabiwa mifuko na kulipishwa. Wale wanaohesabu mifuko wapewe ubao wenye alama ya urefu, wafungue mfuko mmoja mmoja wa kila mzigo, na mfuko wa pale wadogo usiingie Lubumbashi. Mnunuzi wa Kasenga akijua hivyo, atawaambia wavuvi wake wiki ileile.